Msitu wa bure au hifadhi ya kulipia: pa kupiga kambi Marekani

Mtu aliyekulia Afrika Mashariki amezoea kwamba pori la serikali lina geti. Mikumi kuna geti, Nairobi National Park kuna geti, hata Msitu wa Karura ulio ndani ya jiji unalipia kwanza ndipo utembee. Akihamia Marekani, au akija kumtembelea ndugu yake, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja Yellowstone au Grand Canyon, kwenye foleni ya magari na kibanda cha kiingilio. Wengi wetu tunakaa huku miaka mingi bila kuambiwa kwamba jirani kabisa na hifadhi hizo kuna ardhi nyingine ya umma isiyo na geti. Unaingia na gari lako, unatafuta uwazi kati ya miti, unasimika hema, unalala, na hakuna anayekudai senti.

Ardhi hiyo ni misitu ya taifa. Iko 154, na pamoja na maeneo ya nyasi yanayosimamiwa na idara ileile ya misitu inafika ekari milioni 193, yaani hekta milioni 78 hivi. Ni eneo kubwa kuliko nchi nzima ya Zambia.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya familia yenye gari la kawaida, watoto na siku chache za mapumziko, inayojiuliza iende wapi. Mimi naipenda misitu ya taifa kuliko ardhi nyingine yoyote ya Marekani, na sitaficha upendeleo huo. Lakini si kila familia inafaa kuanzia huko, na nitasema ni ipi na kwa nini.

Tofauti inaanzia wizarani

Hifadhi za taifa ziko chini ya wizara ya ardhi na maliasili. Yellowstone ilitangazwa mwaka 1872, na idara inayosimamia hifadhi zote, National Park Service, ikaundwa mwaka 1916. Kazi yake ni kuyatunza mandhari na wanyama wabaki kama walivyo, watu waje watazame na kuondoka. Misitu ya taifa iko chini ya Wizara ya Kilimo. Idara yake, Forest Service, ilianza mwaka 1905 ikiongozwa na Gifford Pinchot, mtu aliyeamini kwamba msitu utunzwe ili utumike. Sheria ya mwaka 1960 ikaliweka jambo hilo bayana: msitu wa taifa ni wa mbao, wa malisho, wa vyanzo vya maji, wa wanyamapori, na wa watu kupumzika, vyote kwa pamoja.

Ukilielewa hilo, mengine yote yanajieleza. Ukikuta lori la magogo linateremka kwenye kona ya barabara ya changarawe, liko kazini kihalali. Ukiamka asubuhi ng'ombe wa mfugaji wamezunguka hema lako, nao wana haki ya kuwepo. Kwa upande mwingine, uhuru ambao hifadhi ya taifa haikupi, msitu unakupa. Mbwa wako anaruhusiwa kwenye njia nyingi za miguu, wakati katika hifadhi nyingi haruhusiwi kuvuka eneo la maegesho na kambi. Baiskeli inaruhusiwa, isipokuwa katika sehemu zilizotengwa kama nyika (wilderness, pori linaloachwa lilivyo) chini ya sheria ya mwaka 1964. Uwindaji unaruhusiwa ukiwa na leseni ya jimbo. Kuni zilizoanguka zenyewe unaokota za kuotea moto hapo kambini. Katika hifadhi ya taifa, hata kuchukua jiwe la kumbukumbu ni kosa.

Ziko ardhi nyingine mbili za kuziweka kwenye mizani. Kuna ardhi ya BLM (Bureau of Land Management), shirika la serikali kuu lililoundwa mwaka 1946, ambayo kwa ukubwa inaipita misitu: ekari milioni 245 hivi, karibu zote katika majimbo ya magharibi na Alaska. Nayo ni bure kwa sehemu kubwa na unaweza kulala siku 14, lakini mara nyingi ni jangwa au nyasi kavu, hakuna kivuli wala kijito. Kwa mtu mzima mwenye gari imara na maji ya kutosha inapendeza, hasa majira ya baridi kule Arizona na Utah. Kwa watoto mwezi wa Julai, sikushauri. Na kuna hifadhi za majimbo, ndogo, zenye bafu la maji ya moto na uwanja wa michezo. Hizi watu wanazidharau bure, nitazirudia.

Tuzungumze pesa

Hifadhi maarufu kama Yellowstone, Yosemite, Grand Canyon na Rocky Mountain hutoza dola 35 kwa gari moja, kwa siku saba. Kadi ya mwaka mzima inayofungua hifadhi zote ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani. Kulala ndani ni malipo mengine juu ya hayo, na nafasi huwekwa mtandaoni miezi kadhaa kabla. Kiangazi, kambi nzuri hujaa ndani ya dakika chache baada ya kufunguliwa. Mwaka 2024 hifadhi hizi zilipokea ziara zaidi ya milioni 331, rekodi ya tangu zianze, kwa hiyo usidhani utafika Jumamosi mchana ukapata nafasi.

Jambo moja jipya linawagusa moja kwa moja wageni wetu. Tangu tarehe 1 Januari 2026, asiye mkazi wa Marekani, mwenye miaka 16 au zaidi na asiye na kadi ya mwaka, anatozwa dola 100 za ziada katika hifadhi 11 zinazotembelewa sana, zikiwemo Yellowstone, Yosemite, Grand Canyon, Zion na Everglades. Kadi ya mwaka kwa asiye mkazi nayo imepanda hadi dola 250. Mama mkwe, shangazi na binamu wawili wakija kutoka Mwanza kwa visa ya matembezi, siku moja ya Grand Canyon bila kadi inaweza kufika dola mia nne kwao pekee kabla hamjanunua hata maji. Msitu wa taifa ulio nje ya geti hilohilo hauna ada hiyo, na hakuna anayesimama barabarani kuuliza mtu ametoka wapi.

Lakini neno bure lina mipaka hata msituni. Kinachoitwa bure ni kulala popote pasipokatazwa, nje ya kambi rasmi. Kambi rasmi za msitu wa taifa, zenye choo, meza na mahali pa moto palipojengwa, mara nyingi hutoza dola kati ya 10 na 30 kwa usiku. Majimbo ya Oregon na Washington yana vituo vingi vya kuanzia matembezi ambako kuegesha gari kunalipiwa. Hata hivyo ile kadi ya mwaka ya dola 80 inakubalika huko pia.

Kuna fursa ambayo wazazi wengi wa kwetu huipoteza. Mtoto anayesoma darasa la nne Marekani ana haki ya kadi ya bure ya mwaka mzima, na kadi hiyo inaingiza familia yote iliyo ndani ya gari, kwenye hifadhi za taifa na kwenye maeneo ya misitu yanayolipiwa. Mtoto mwenyewe anaijaza kwenye tovuti ya Every Kid Outdoors na unaichapisha nyumbani. Kama una mtoto wa darasa la nne mwaka huu, hesabu yako ya hifadhi imebadilika kabisa, na ningekuambia uzipe hifadhi kipaumbele kabla mwaka haujaisha.

Choo, maji na chakula

Hapa ndipo familia zinapogawanyika, na ndipo ninapotaka uwe mkweli kwa nafsi yako. Kambi ya bure msituni haina choo, haina bomba, haina pipa la taka. Kila kitu unaingia nacho na kila kitu unatoka nacho.

Tuanze na choo, maana ndilo swali ambalo watu wanaona haya kuliuliza. Unahitaji koleo dogo. Unatembea hatua kama 70 za mtu mzima kutoka kwenye maji, njia na kambi, unatafuta udongo laini mweusi chini ya majani makavu, unachimba shimo la sentimita 15 hadi 20. Si zaidi, kwa sababu tabaka la juu la udongo ndilo lenye wadudu wa kuozesha. Ukimaliza unarudisha udongo uleule, unashindilia kwa kisigino, unatandaza majani juu. Karatasi haibaki pale. Inaingia kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, na mfuko huo unakwenda nao nyumbani. Aliyekulia kijijini hatashangaa chochote hapa isipokuwa hiyo karatasi. Mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa Dallas atashangaa yote, na mzazi ajiandae kwa mazungumzo marefu.

Maji: hesabu lita nne kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuosha vyombo. Familia ya watu watano kwa siku mbili ni lita arobaini, yaani madumu mawili ya lita ishirini kwenye buti. Ukitumia maji ya kijito, hata yawe maangavu namna gani, chemsha yatokote dakika moja kamili, na ukiwa mlimani juu ya mita 2,000, dakika tatu. Kijidudu cha giardia kiko kwenye vijito vingi vya Marekani, na kuhara ukiwa mbali na choo ni mateso.

Kisha chakula, na hapa mapishi yetu yana uzito wake. Nyama choma ikipata moto, harufu inasafiri mbali sana usiku, na dubu ana pua kali mno. Misitu mingi ina amri ya kisheria kuhusu kuhifadhi chakula: kila chenye harufu, kuanzia nyama hadi dawa ya meno na mafuta ya kujipaka ya mtoto, kifungiwe ndani ya gari, au kwenye kopo gumu lisilofunguliwa na dubu, au kininginizwe juu ya mti mbali na shina. Mabaki ya ugali usimwage vichakani. Yafunge, yaende na takataka. Mashariki na Kusini utakutana na dubu mweusi, ambaye kwa kawaida hukimbia akisikia kelele. Wyoming, Montana na Idaho kuna dubu wakubwa wa kahawia pia, na huko kopo la pilipili ya kumpulizia dubu libebwe kiunoni, siyo ndani ya begi.

Hifadhi ya taifa na hifadhi ya jimbo zinakuondolea sehemu kubwa ya mzigo huu. Choo kipo, bomba lipo, mara nyingi kuna sanduku la chuma la kuwekea chakula, na renja anapita jioni. Kama safari hii ndiyo ya kwanza, au kuna mtoto wa nepi, au mama ana ujauzito, au baba yako ana kisukari na anahitaji dawa yake ikae kwenye baridi, lipia. Dola 25 za usiku mmoja hapo ni nafuu kubwa.

Kuipata hiyo sehemu ya kulala

Kwenye hifadhi unapewa namba ya kambi na ramani. Msituni unajitafutia, na wengi hukwama hapo kwa sababu hawajui ramani gani ya kutumia. Inaitwa MVUM, inatolewa bure na ofisi ya kila msitu, kwa karatasi au kwa kuipakua kwenye simu. Haina rangi wala picha, inaonekana kama mchoro wa fundi wa mabomba, lakini ndiyo ramani ya kisheria inayosema gari linaruhusiwa barabara gani na katika miezi ipi. Itazame kwa karibu: pembeni mwa baadhi ya barabara utaona nukta ndogondogo zilizopangwa kuufuata mstari, upande mmoja au zote mbili. Nukta hizo ndizo zinazokuruhusu kutoka barabarani na gari kwa umbali uliotajwa kwenye ramani ili kupiga kambi. Barabara isiyokuwemo kwenye ramani ni marufuku kwa gari, hata kama macho yako yanaiona na matairi ya wengine yamepita.

Ipakue nyumbani, kwa sababu mtandao utakatika mapema. Ukifika, chagua mahali ambapo watu wamelala kabla yako: udongo umeshakanyagwa, kuna duara la mawe yenye masizi. Usifungue kambi mpya juu ya nyasi mbichi. Tazama juu ya hema lako kama kuna mti mkavu au tawi lililovunjika likaning'inia, uondoke chini yake. Kaa mita 60 kutoka kwenye kijito au ziwa. Kikomo cha kawaida ni siku 14, kisha uhame, ingawa misitu fulani imefupisha muda huo.

Gari dogo la chini linafika sehemu nyingi wakati wa kiangazi ukiendesha taratibu. Mvua ikinyesha kwenye barabara ya udongo wa mfinyanzi, hata gari kubwa linateleza. Chagua kambi isiyozidi kilomita mbili tatu kutoka lami, mpaka uzoee.

Sehemu tatu, mizani tatu

Kentucky nianze nayo, kwa sababu Lexington na Louisville zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo. Mashariki ya Lexington, mwendo wa saa moja hivi, kuna Red River Gorge, ndani ya Msitu wa Taifa wa Daniel Boone. Ni bonde lenye majabali ya mchanga na matao ya mawe ya asili zaidi ya 100. Kutembea mchana ni bure. Kulala nje ya kambi rasmi kunaruhusiwa, ila gari linaloachwa humo usiku linahitaji kibali cha kulipia kidogo, hema liwe mita 90 kutoka barabara au njia, na ni marufuku kulala ndani ya mita 30 kutoka chini ya jabali au ndani ya pango la mwamba. Majabali hayo yameua watu walioteleza gizani. Kwa vijana watatu wanne wenye miguu, sioni mahali pazuri zaidi katika jimbo zima. Kwa familia yenye watoto wadogo, palepale jirani kuna hifadhi ya jimbo ya Natural Bridge: kiingilio hakuna, unalipia kambi tu, kuna bafu, na tao kubwa la mwamba mnalifikia kwa miguu au kwa viti vinavyovutwa juu kwa kamba ya chuma. Mnalala salama hapo, mchana mnaingia msituni. Kusini ya kati ya jimbo kuna Mammoth Cave, hifadhi ya taifa ambayo nayo haina kiingilio. Unalipia ziara ya kuingia pangoni, na pango hilo ndilo refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilomita 670 zilizopimwa. Hapo hifadhi inaushinda msitu bila ubishi, maana huwezi kuliona pango lile kwa njia nyingine.

Grand Canyon ni kisa tofauti. Korongo lenyewe liko ndani ya hifadhi, na sikubaliani na wanaosema utaliona vizuri ukiwa nje. Lipa kiingilio, ingia. Ila kulala ndani ni ghali au pamejaa, na hoteli za kijiji cha Tusayan nje ya geti la kusini zinatoza bei ya kukimbiza mtu. Pande zote za kijiji hicho ni Msitu wa Taifa wa Kaibab, misonobari mirefu kwenye ardhi tambarare, barabara za vumbi zinaingia ndani, na kulala ni bure. Unaamka kabla ya alfajiri, unaendesha chini ya nusu saa, unalikuta jua linachomoza juu ya korongo kabla mabasi hayajafika. Mjue tu kwamba mko mita 2,000 juu ya usawa wa bahari: usiku wa Juni unaweza kuwa baridi ya kuvaa koti, na Julai na Agosti ni miezi ya mvua za radi alasiri. Sheria ya Arizona pia inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili ya bwawa ambalo ndilo maji pekee ya wanyama wa eneo hilo, kwa hiyo ukiona kibwawa cha kunyweshea ng'ombe, sogea mbali.

Texas, walioko Houston wana Msitu wa Taifa wa Sam Houston, kaskazini kidogo tu mwa jiji. Katika majira ya kuwinda kulungu, kuanzia vuli hadi mwanzo wa Januari, kulala kunaruhusiwa tu kwenye kambi rasmi na zile za wawindaji, na yeyote anayetembea avae rangi ya chungwa inayong'aa, watoto kwa wakubwa. Misitu mingi ya mashariki na kusini haikutengwa kutoka ardhi ya serikali kama ile ya magharibi. Sehemu kubwa ilinunuliwa kidogo kidogo baada ya sheria ya mwaka 1911, na ndiyo sababu ramani yake ina viraka vya mashamba ya watu binafsi katikati. Texas, ukiona mti umepakwa mstari wa rangi ya zambarau, hilo ni shamba la mtu na huruhusiwi kupita. Rangi hiyo ina nguvu ya kisheria sawa na kibao.

Kuhusu hofu ya kuwa peke yetu

Swali hili husemwa kwa sauti ya chini: sisi watu weusi, wenye lafudhi, tutakuwa salama usiku msituni? Nalichukua kwa uzito, kwa sababu linawazuia watu wengi kuifaidi ardhi ambayo kodi zao zinaitunza. Ardhi hii ni ya umma, na haki yako ya kuwa pale ni sawa na ya yeyote utakayemkuta. Hata hivyo haki haimwondolei mtu wasiwasi saa nane za usiku. Nendeni familia mbili au tatu pamoja. Mara ya kwanza chagueni kambi rasmi ya msitu, yenye majirani na mhudumu. Mwachieni ndugu aliyebaki nyumbani jina la barabara, namba ya gari, na saa mtakayorudi. Ukifika mahali moyo ukakataa, kwa sababu yoyote ile, washa gari uende pengine. Kambi ya bure hujailipia, hakuna unachopoteza, na hiyo ni faida moja ya msitu ambayo kambi iliyolipiwa miezi sita kabla haikupi.

Kwaya, jumuiya na vyama vya kusaidiana pia vinapata nafasi humu. Kundi lisilo la biashara, lenye watu wasiofika 75, kwa kawaida halihitaji kibali cha kukusanyika katika msitu wa taifa, nje ya zile sehemu za nyika zenye kikomo chake. Hifadhi ya taifa ni ngumu zaidi kwa makundi, na bei ya ukumbi wa kukodi mjini unaijua.

Ningechagua hivi

Kwa familia inayoanza: usiku mmoja hifadhi ya jimbo iliyo karibu na nyumbani, kisha wikendi nyingine kambi rasmi ya msitu wa taifa. Mkishazoea hema, giza na baridi, ingieni kwenye kambi za bure, na sidhani mtapenda kurudi nyuma. Kwa vijana na watu wazima wenye vifaa: msitu moja kwa moja. Kwa wageni waliokuja mara moja na wanataka kuyaona yale waliyoyaona kwenye televisheni: hifadhi ya taifa mchana, msitu usiku. Kwa mzee ambaye goti linamsumbua: hifadhi ya taifa, kwa ajili ya njia zake za lami, viti na mabasi ya bure ndani ya baadhi yake. Msimpeleke bibi kwenye shimo la koleo.

Chochote utakachochagua, siku moja kabla ya kuondoka piga simu ofisi ya wilaya ya msitu, inayoitwa ranger district. Zungumza Kiingereza chako kama kilivyo, watakusikiliza. Uliza barabara fulani iko wazi, dubu wameonekana, na kwanza kabisa uliza kama kuna katazo la moto. Kukiwa na ukame hutolewa amri, na jiko la mkaa la nyama choma linahesabiwa kuwa moto sawa na kuni. Jiko la gesi lenye kuzimwa kwa kitasa ndilo linaloruhusiwa mara nyingi, kwa hiyo libebe hata kama umepanga kuchoma. California utahitaji kibali cha moto hata kwa jiko hilo la gesi ukiwa nje ya kambi rasmi, nacho ni cha bure mtandaoni. Kuni usizitoe nyumbani kwako kwenda msitu wa mbali, maana zinabeba wadudu. Mmoja wao, mbawakavu wa kijani aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameshaua makumi ya mamilioni ya miti. Na moto ukiuwasha, usiulalie ungali na kaa. Mwaga maji, koroga majivu kwa koleo, mwaga tena, kisha shusha mgongo wa mkono wako juu ya majivu taratibu hadi uyaguse. Kama bado yana joto, ongeza maji.